Rangi ya Kuazima: Heroe wa Ziwa Nakuru na Viumbe Wasioonekana

Swali lenyewe liliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, tena katika kipindi cha Insha, mahali ambapo mwalimu wa Kiswahili hatarajii kuvamiwa na sayansi. Mwaka ulikuwa 2014, na shule ilikuwa ya kutwa, katika mojawapo ya mitaa ya Nakuru ambayo kutoka kwenye ghorofa yake ya pili mtu huweza kuliona ziwa likimetameta kwa mbali. Mwalimu alikuwa amewapa wanafunzi wake insha ya maelezo kuhusu mandhari ya Ziwa Nakuru. Madaftari arobaini na matatu yalirudi mezani pake, na takriban yote yalikuwa na sentensi ile ile kwa maneno tofauti: kwamba ukingo wa ziwa umetandikwa shuka ya waridi, nayo shuka hiyo ni heroe wasiohesabika. Ilikuwa sentensi nzuri. Isitoshe, yeye mwenyewe aliwahi kuiandika alipokuwa na umri wao, naye akapewa alama ya vyema. Ila haikuwa kweli tena. Kwa muda wa miaka miwili hivi heroe walikuwa wameondoka kwa wingi, na wanafunzi wale walikuwa wakiieleza picha ya kalenda.

Alipowarudishia madaftari aliwauliza ni nani miongoni mwao aliyewahi kuiona shuka hiyo kwa macho yake. Mikono miwili tu iliinuka. Ndipo kijana mmoja wa dawati la nyuma akauliza, bila ya nia ya utundu, "Mwalimu, kwani walikuwa wakila nini, hata kikaisha?"

"Samaki," mwalimu alijibu pasi na kusita.

Katika chumba cha walimu, adhuhuri ile, alilisimulia swali hilo kama kichekesho. Mwalimu wa Biolojia, mzee aliyebakiza mihula michache kustaafu, aliweka kikombe chake cha chai mezani taratibu. "Mwalimu, alaye samaki pale ni mwari," alisema. "Heroe mdogo hali samaki. Anakula vijidudu."

Neno hilo lilimtia kinyaa. Hakulitarajia kinyaa hicho, na siku nyingi baadaye alijaribu kukichunguza kimetoka wapi.

Asili yake ilikuwa nyumbani. Mama yake alikuwa mwuza mboga katika soko la mji, na katika nyumba ile ya chumba kimoja alichowalea watoto wanne, maji yalichemshwa kila jioni bila ya mjadala. Mwanawe wa pili aliwahi kulazwa kwa homa ya matumbo akiwa na miaka mitano, akarudi nyumbani mifupa mitupu. Tangu siku hiyo, sufuria ya maji ilitangulia jikoni kabla ya sufuria ya chakula. "Vijidudu havionekani," mama alikuwa akisema, "lakini vinakuona." Kwa mtoto aliyelelewa hivyo, neno kijidudu halikuwa jina la kiumbe. Lilikuwa jina la adui. Leo, kusikia kwamba ndege mzuri kuliko wote wa mji wao hula adui huyo, na kwamba uzuri wenyewe unatokana na mlo huo, kulikuwa kama kuambiwa kwamba bibi harusi amepakwa masizi badala ya hina.

Mzee yule wa Biolojia hakumwacha njiani. Alimweleza kwa vipindi kadhaa, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kiingereza pale Kiswahili kilipomkwama, mambo ambayo mwalimu wetu aliyaandika katika daftari la maandalio ya somo.

Ziwa Nakuru ni ziwa la magadi. Neno magadi halihitaji kamusi jikoni: ni yale yatiwayo katika maharage yaive upesi, na yale yachanganywayo na tumbaku na wavutao ugoro. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia ziwani, lakini hakuna mto utokao. Maji huondoka kwa kufukizwa na jua peke yake, na chumvi za magadi zilizoletwa na mito na chemchemi kutoka katika miamba ya volkeno husalia, zikajumlishwa mwaka baada ya mwaka. Inasemekana kuwa jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Wakazi wa umri wa kati wanaikumbuka miaka ya 1990 ziwa lilipokauka karibu lote, na upepo wa alasiri ukalibeba vumbi jeupe la magadi hadi katika nguo zilizoanikwa.

Katika maji makali namna hiyo, ambayo kipimo chake cha pH huwa karibu 10, samaki wa kawaida hawezi kuishi. Samaki wadogo waliopo, aina ya ngege, waliletwa kutoka Ziwa Magadi katika miaka ya 1950 na 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu, na kuja kwao ndiko kulikowavuta mwari. Kabla yao, chakula kikuu cha ziwa kilikuwa kimoja: kiumbe ambaye wataalamu humwita Arthrospira fusiformis, na watu wa maduka ya dawa za lishe humwita spirulina. Ni uzi wa kijani uliojisokota kama springi, mfupi kuliko milimita moja. Vitabu vya zamani vilimweka katika kundi la mwani. Siku hizi anahesabiwa miongoni mwa sianobakteria, yaani bakteria wanaotumia nuru ya jua kujitengenezea chakula kama yafanyavyo majani ya mti. Mazingira yanapomfaa huzaana hadi ziwa zima likageuka rangi ya supu ya ndengu.

Heroe mdogo ameumbwa kwa ajili ya supu hiyo. Huinamisha kichwa hata mdomo ukageuka juu chini, ulimi ukaenda mbele na nyuma kama bomba la baiskeli, ukivuta maji na kuyasukuma nje. Ndani ya mdomo mna vijinyweleo vilivyopangika kama chujio la nazi, navyo huzuia nyuzi za spirulina na kuyaachia maji. Mtafiti E. Vareschi, aliyelichunguza ziwa hilo katika miaka ya 1970, alikadiria kuwa heroe mmoja hula takriban gramu 60 hadi 70 za chakula hicho kwa siku, uzito wa kukaushwa. Na heroe waliwahi kufika milioni moja. Hesabu hiyo hata mwalimu wa Kiswahili aliweza kuifanya: tani 60 na ushei kila siku, za viumbe wasioonekana.

Lakini lililomfanya aweke kalamu chini ni jambo la rangi. Kifaranga cha heroe huanguliwa kikiwa na manyoya ya kijivu. Uwaridi hauzaliwi nao. Umo ndani ya spirulina, chini ya ukijani wake, katika kemikali za jamii ile ile inayoipa karoti rangi yake. Heroe huimeza, mwili wake ukaibadilisha na kuipeleka manyoyani. Heroe anyimwaye chakula hicho hupauka. Shuka ya waridi ambayo wanafunzi arobaini na watatu waliisifu, na ambayo ilichangia kulifanya eneo hilo kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968, na kuliingiza ziwa pamoja na Bogoria na Elementaita katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, ilikuwa rangi ya kuazima. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Ndege huyu alikuwa amesitirika vizuri muda wote mwazimishaji alipokuwa hai. Na hakuna aliyemfahamu mwazimishaji.

Hapo ndipo tatizo la mwalimu lilipogeuka kuwa la lugha. Aliazimia kurudi darasani na kulisahihisha jibu lake, na kulisahihisha kwa Kiswahili, maana kosa lilitendeka katika somo la Kiswahili. Akakaa na karatasi. Alipoandika "heroe hula vijidudu," aliiona sura ya mama yake mbele ya sufuria. Alipoandika "vimelea," alijua amekosea zaidi, kwani kimelea ni kiumbe aishiye kwa kumnyonya mwingine, ilhali spirulina haimnyonyi yeyote. Alipoandika "viini," alilistaajabia neno hilo. Kiini cha yai ni uhai wa kifaranga, na kiini cha jambo ni ukweli wake wa ndani, lakini viini katika mabango ya zahanati ni vile vya maradhi. Neno tukufu katika umoja huugua linapoingia katika wingi. "Mwani" lilikuwa neno safi, lenye harufu ya pwani na ya akina mama wa Paje na Jambiani wanaolima mwani kwa kamba na vigingi kisiwani Unguja. Ila mwani wao huonekana na kushikika, na mtaalamu angesema spirulina si mwani hasa. "Bakteria" lilimsaidia kidogo. Hata hivyo, bakteria nao darasani walijulikana kwa kifua kikuu na kipindupindu.

Zaidi ya msamiati kulikuwa na sarufi. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa a-wa: heroe amekula, mwari wameruka. Lakini anapodunishwa kwa kiambishi, kiumbe huyo huhamishiwa mara nyingi katika ngeli ya vitu: kijidudu kimeingia, vijidudu vimekufa. Mwalimu alikuwa ameifundisha kanuni hiyo kwa miaka mitano bila ya kuhisi lolote. Sasa aliona kwamba kiumbe anayelisha ndege milioni amepangwa na sarufi pamoja na vikombe na viti. Haidhuru, sarufi haina nia mbaya, na hakuna afaidikaye kwa kuilaumu. Bali mtu anayezungumza juu ya vijidudu kuwa vimekwisha hulia kidogo kuliko anayesema wamekwisha.

Neno lililomwokoa lilikuwa kamusini siku zote. Kiswahili kina darubini, kilichoipokea kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni chenye kuona mbali. Na kina nduguye, hadubini, kionacho vidogo. Viumbe waonekanao kwa hadubini wanaweza kuitwa viumbehadubini. Jina hilo halimtukani mtu wala halimsifu. Linasema tu kwamba wapo, na kwamba kasoro ya kutoonekana kwao iko katika jicho letu. Akaliandika ubaoni wiki iliyofuata, akakiri kosa lake la samaki, na darasa likamcheka kwa heshima.

Kama mambo yangaliishia hapo, kisa hiki kingalikuwa cha istilahi moja tu. Lakini aliyejua neno huanza kukiona kitu. Mwalimu alianza kusoma, na usomaji wake ukamteremsha kutoka Bonde la Ufa hadi baharini, safari ya zaidi ya kilomita 600 ambayo alikuwa ameifanya kwa basi mara moja tu maishani.

Alikuta kwamba bahari yenyewe, ambayo fasihi ya Kiswahili imeiimba kwa karne nyingi, ina siri ile ile ya ziwa la magadi. Mililita moja ya maji ya bahari, kiasi cha robo ya kijiko cha chai au chini yake, huwa na bakteria wapatao milioni moja. Katika miaka ya 1980 kundi la mwanasayansi wa Marekani, Sallie Chisholm, lilimgundua kiumbe aitwaye Prochlorococcus, mdogo kiasi kwamba wavuvi, mabaharia na wataalamu wa bahari walikuwa wamepita juu yake tangu kale pasipo kumjua. Naye ndiye kiumbe atumiaye nuru ya jua aliye mwingi kuliko wote duniani. Viumbehadubini wa bahari kwa jumla hufanya takriban nusu ya kazi yote ya dunia ya kuigeuza nuru kuwa chakula na kutoa oksijeni. Kati ya miaka ya 2009 na 2013 jahazi la utafiti la Kifaransa, Tara, lilizunguka bahari za dunia, Bahari ya Hindi ikiwemo, likichota maji na kuyachuja. Matokeo ya awali yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliorodhesha jeni zaidi ya milioni 40, nyingi zikiwa hazijawahi kuonekana. Tangu hapo watafiti wameizungumzia afya ya bahari kama daktari azungumzavyo juu ya tumbo la mgonjwa: wanauliza kwanza ni nani waishio humo, ni wangapi, na uwiano wao ukoje.

Na matumbawe je? Hapa mwalimu alikutana tena na rangi ya kuazima. Tumbawe ni mnyama, lakini rangi zake nyingi, na sehemu kubwa ya chakula chake, hutoka kwa mwani wa hadubini waishio ndani ya nyama yake. Bahari ipatapo joto kupita kiasi wapangaji hao hutoka au hufukuzwa, tumbawe likabaki jeupe kama mfupa, na joto likiendelea hufa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, joto la El Niño lilipoyapausha na kuyaua matumbawe mengi katika pwani za Kenya na Tanzania. Kiswahili cha pwani kina jina la changu, tasi, pono, pweza na kila aina ya upepo unaovuma. Wavuvi wake hawahitaji kufundishwa bahari na mtu wa bara. Ila kwa huyu anayewalisha wote na kuwavisha rangi, hata wao wana neno moja tu la kutisha, ama hawana.

Akirudi nyumbani kwa fikra hizo, mwalimu aliweza sasa kulijibu swali la kijana wa dawati la nyuma: walikuwa wakila nini, hata kikaisha? Aliyakusanya majibu ya mtaani. Makanga wa matatu alisema heroe walikimbia kelele za mji. Mchungaji wa jirani alisema ni dalili za nyakati. Mwuza picha aliyewahi kuwauzia watalii alisema waliibiwa na nchi jirani, jambo ambalo lina chembe ya ukweli iliyogeuzwa kichwa, kwani heroe wadogo wa Afrika Mashariki tangu zamani hutaga hasa katika Ziwa Natron, Tanzania, na kuyazungukia maziwa ya magadi wakifuata chakula. Hakuna hata mmoja aliyemtaja mwazimishaji.

Ilhali historia yake imejaa onyo. Mwaka 1974 spirulina ilipungua ghafla katika Ziwa Nakuru, na heroe waliohesabiwa kwa mamia ya maelfu wakabaki wachache. Miaka ya 1990 maelfu ya heroe walikufa ufuoni. Miongoni mwa sababu zilizochunguzwa ni madini mazito ya uchafu wa mji na maradhi, na utafiti uliofuata ulikuta pia sumu zinazotengenezwa na baadhi ya sianobakteria wenyewe. Jambo hili lilimsumbua mwalimu, kwa kuwa alikwisha kuanza kuwapenda. Jamii ile ile iliyomlisha ndege, pale uwiano wake ulipovurugika, ilikuwa na watu wake wa kumwua. Basi haikufaa kuwabadilisha kutoka maadui kuwa malaika. Walikuwa jamii, kama jamii yoyote ya mtaa, ambayo wema wake hutegemea nani amezidi na nani amepungua.

Kisha ukaja mwaka 2010 na mvua zilizofuata. Ziwa lililokuwa chini ya kilomita za mraba 40 lilivuka 50 kufikia mwaka 2013, na kufikia 2020 lilikuwa limevuka 60. Lango kuu la mbuga likamezwa na maji, na katika vitongoji vya Mwariki na Barut familia zikahama zikiwa zimebeba mabati. Mwingi wa maji hayo ulikuwa wa mvua na mito: matamu, tena machafu, kwa kuwa mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021 hupeleka ziwani maji ya mitaro yake na yale yatokayo katika mitambo ya kusafishia majitaka. Magadi yakazimuliwa. Spirulina, anayehitaji ukali ule ambao wengine wauogopa, akapungua, na aina nyingine zikachukua nafasi. Heroe waliinamisha vichwa, wakachuja, wakakuta chujio tupu. Wakaenda Bogoria na kwingineko. Wamekuwa wakirudi kwa makundi ziwa linapowafaa, na wakiondoka tena lisipowafaa. Wao hawajafunga mkataba na kalenda.

Kwa hiyo kilichopotea kwanza hakikuwa heroe. Heroe alikuwa mpiga mbiu tu. Msiba wenyewe ulitukia miezi kabla, katika maji, bila ya tanzia, kwa sababu jamaa wa marehemu hawakuwa na jina la kumtangazia.

Si kwamba hakuna aliyekijua kitu hicho. Kando ya Ziwa Chad wanawake wa Kikanembu wameivuna spirulina vizazi kwa vizazi, wakaikausha juu ya mchanga na kuipika mchuzi. Wanaiita dihe, na yeyote aliye na jina la kitoweo hukiona kinapoadimika sokoni. Hapa kwetu, wageni walitangulia kuona thamani. Viumbehadubini waliochukuliwa katika maziwa ya magadi ya Kenya walitoa vimeng'enya ambavyo viwanda vya ng'ambo vilivitumia kulainisha na kufifisha vitambaa vya jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza hadharani kudai fungu la nchi katika faida hiyo. Mwalimu alipolisoma hilo aliiangalia suruali ya jinzi aliyoinunua kwenye mitumba ya Nakuru na kuishiwa na la kusema. Wapo pia Wakenya waliolishika jambo hili mapema: watafiti kama Romano Mwirichia na Hamadi Boga, wakiwa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, wamewaorodhesha bakteria wa Ziwa Elementaita kwa mbinu za kisasa. Kazi zao ziko katika majarida ya kimataifa, kwa Kiingereza. Hilo si kosa lao. Ni deni la wale ambao kazi yao ni Kiswahili.

Deni hili halilipwi kwa kuunda orodha ya istilahi na kuifungia kabatini. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka 2004, na juhudi zake zastahili heshima. Lakini istilahi huishi pale inapoingia katika insha ya mtoto, katika barua ya mkazi anayelalamikia mtaro, katika shairi na katika taarifa ya habari. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea kusema kwamba hilo ni jambo la watu wa sayansi ajiulize ni nani aliyewaandikia watu wa Nakuru shuka ya waridi ikakaa katika vichwa vyao hata ilipokwisha kuondoka. Sisi tuliopewa lugha kama chombo ndio tuliomsifu mvaaji na kumsahau mshonaji.

Katika muhula wa tatu mwalimu wa Biolojia alileta darasani hadubini moja ya shule na kichupa cha maji ya kijani alichopewa na mtafiti aliyemfahamu. Wanafunzi walipanga foleni. Kila mmoja aliambiwa aangalie, kisha aandike sentensi moja kwa Kiswahili, bila ya kutumia neno kijidudu. Mmoja aliandika kuwa ameona springi za kalamu zikiogelea. Wa pili aliona nywele za dada yake zilizotoka kusukwa. Kijana wa dawati la nyuma alikaa kwenye hadubini muda mrefu hadi wenzake wakaguna. Sentensi yake ilikuwa hivi: "Wamejisokota kama watu wanaoota moto." Mwalimu aliisoma mara mbili. Hakumsahihisha upatanisho, kwa kuwa haukuwa na kosa.

Jioni hiyo alimsimulia mama yake yote, wakiwa jikoni: ndege, rangi, springi, bahari. Mama alisikiliza akimenya viazi, akauliza maswali machache ya maana, na akakubali kwamba Mungu ana mambo.

"Basi, mwanangu," alisema mwishowe, "na vile vilivyomlaza ndugu yako je?"

"Na hao wapo, mama. Si wote walio sawa."

"Basi wape hao wengine jina lao," mama alisema, "nijue ninayemchemsha."

Akaiinua sufuria ya maji, akaiweka motoni.